Mishipa Iliyojitokeza Mwilini: Namna ya Kuichunguza Nyumbani na Kujua Wakati wa Kwenda Hospitali

Mtu anayepanda mlima kutoka soko la Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, akiwa nyuma ya mama mbebaji mwenye mzigo mgongoni na kamba iliyopita kwenye paji la uso, mara nyingi ataona chini ya kikwembe chake mishipa miwili au mitatu iliyojipinda nyuma ya goti kama mizizi ya mti, na mama mwenyewe hana habari nayo. Siku hiyohiyo, katika nyumba moja ya mtaa wa Nguba, kijana mwenye afya njema anakosa usingizi kwa sababu mishipa ya mikono yake imetokeza baada ya wiki tatu za kunyanyua vyuma. Mwongozo huu ni kwa ajili yao wote wawili, lakini nimeuandika hasa nikimfikiria mtu wa tatu, yule aliyeona mishipa mipya tumboni au kifuani, akaambiwa na majirani kwamba ni uchovu tu, naye akakubali.

Kabla ya hatua yoyote, tuelewane kuhusu neno lenyewe. Katika Kiswahili chetu, "mshipa" ni neno linalobeba mizigo mingi: ni njia ya damu, ni neva, ni kano inayouma baada ya kuteguka, na kwa wazee wengi ni ngiri au busha. Kwa hiyo mtu akimwambia muuguzi "ninaumwa mishipa", muuguzi anaweza kuandika kwenye fishi, yaani kadi ya mgonjwa, jambo tofauti kabisa na lile alilokusudia mgonjwa. Hapa tunazungumzia vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo. Vena za juu hupita chini ya ngozi tu, na ndizo tunazoziona. Nyingine hupita ndani katikati ya misuli, na hizo hatuzioni kamwe, ingawa ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya damu ya mguu. Ukifika hospitali, usitegemee neno peke yake: onyesha kwa kidole.

Hatua ya kwanza: tazama vizuri kabla ya kuogopa

Simama karibu na dirisha wakati wa mchana, bila kuwasha taa ya chumbani. Usichunguze mara baada ya kuoga maji ya moto, kupanda mlima au kubeba ndoo za maji, kwa sababu joto na kazi hupanua mishipa ya kila mtu. Subiri nusu saa, kisha simama wima kwa dakika mbili au tatu ili damu ishuke miguuni, halafu utazame. Kwenye ngozi nyeusi, mshipa hauonekani kila mara kwa rangi; huonekana zaidi kwa umbo. Chukua tochi ya simu, uilaze karibu na ngozi ili mwanga upite ubavuni, na kila mwinuko utatoa kivuli chake. Vitabu vingi vya afya huandika kwamba ngozi yenye uvimbe wa hatari "huwa nyekundu". Kwetu wekundu huo unaweza usionekane kabisa, na badala yake ngozi huwa nyeusi zaidi au ya zambarau, au hung'aa kwa kuvutika. Tegemea mgongo wa mkono wako: upitishe kwenye mguu mmoja, kisha kwenye mwingine mahali palepale, na joto lililozidi utalihisi.

Sasa fanya jaribio moja rahisi. Teremsha mkono wako ubavuni hadi mishipa ya mgongo wa kiganja ijae, kisha uuinue polepole mbele yako mpaka upite usawa wa bega. Mishipa yenye afya hunywea yenyewe, kama mpira wa maji uliofungwa bomba, kwa kuwa damu imeteremka kuelekea moyoni. Fanya vivyo hivyo kwa mguu: lala chali, uinue mguu na kuuegemeza ukutani kwa dakika moja. Mshipa unaonywea ni dalili njema, ijapokuwa si hati ya kukuondolea kila shaka. Mshipa unaobaki umesimama, mgumu kama kamba ya katani, unauma ukiguswa, ni habari nyingine ambayo tutaifikia.

Weka pia kidole juu ya mshipa huo na usikilize kwa ngozi. Vena haipigi. Ukihisi mapigo yanayofuatana na moyo, au mtetemo kama wa nyuki aliyefungwa ndani ya kopo, hasa mahali palipowahi kuchomwa kisu au kupigwa risasi, hata kama jeraha lilipona miaka mingi iliyopita, inawezekana ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, na vena zimeungana pale ndani. Katika mkoa ambao wengi wamebeba majeraha ya namna hiyo, jambo hili si la kubahatisha. Linahitaji daktari wa upasuaji.

Mwisho wa hatua hii, piga picha na uandike tarehe. Kumbukumbu ya mtu mwenye wasiwasi haiaminiki, lakini picha mbili zilizopigwa mahali pamoja kwa mwanga uleule, zikiachana wiki tatu, husema kweli.

Hatua ya pili: tafuta sababu ya kawaida

Mishipa mingi inayoonekana "mipya" ilikuwapo tangu zamani. Kilichobadilika ni kile kilichokuwa kinaifunika. Mtu akizeeka, ngozi hupungua unene na mafuta ya chini yake hupungua pia, na ndiyo maana mikono ya bibi zetu ina ramani nzima ya mito. Mtu anayefanya kazi nzito au mazoezi hukuza misuli, nayo misuli husukuma mishipa juu. Mjamzito huongezewa damu kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, hivyo mishipa kwenye matiti yote mawili na kwenye tumbo si ajabu, na ile ya miguuni, na hata ya sehemu za siri, mara nyingi hupungua ndani ya miezi michache baada ya kujifungua.

Aliyekonda ana swali lake peke yake. Ikiwa ulikusudia kupunguza mwili, mishipa iliyotokeza ni matokeo yake. Ikiwa hukukusudia, acha kuitazama mishipa na utazame kukonda kwenyewe. Mtu wa kilo 60 aliyepoteza kilo 3 au zaidi ndani ya miezi sita bila kujua sababu, hasa akiwa na kikohozi kilichozidi wiki mbili, jasho la usiku, au kiu na mkojo mwingi, anapaswa kupimwa kifua kikuu, virusi vya UKIMWI na sukari.

Ipo sababu nyingine ambayo watu wengi huificha hata mbele ya muuguzi: mafuta ya kujichubua. Mengi ya mafuta hayo yana dawa za jamii ya kotikosteroidi, ambazo zikipakwa kila siku kwa miezi huila ngozi mpaka ikawa kama karatasi ya kufungia maandazi, na mishipa ya mikono, shingo na kifua ikaonekana chini yake pamoja na michirizi na michubuko isiyopona. Anayeona hivyo hana ugonjwa wa mishipa. Ana ngozi iliyoharibiwa. Anapaswa kuacha, lakini kama amepaka mwili mzima kwa miaka, amwone daktari kwanza, kwa maana kuacha ghafla kunaweza kuleta mwako mkali wa ngozi na hata udhaifu wa mwili wote, kwa sababu mwili huwa umezoea kupewa dawa hiyo kutoka nje.

Hatua ya tatu: mahali mshipa ulipo ndipo penye jibu

Ningeambiwa nichague swali moja tu la kumuuliza mgonjwa, nisingemuuliza mshipa ni mkubwa kiasi gani. Ningemuuliza uko wapi, na kama uko upande mmoja au pande zote mbili.

Miguuni ndiko kwenye wagonjwa wengi na hatari chache. Ndani ya vena za mguu kuna vali ndogo, milango inayofunguka kuelekea juu tu, na misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu: kila hatua unayotembea inakamua damu kupanda. Mtu anayesimama siku nzima bila kutembea, kama muuzaji sokoni, kinyozi, mwalimu au mlinzi wa lango, huinyima pampu hiyo kazi. Vali zikilegea, damu hurudi chini, mshipa hutanuka na kujipinda, na hapo madaktari huuita varisi. Urithi una nguvu hapa kuliko watu wanavyodhani. Muulize mama yako na shangazi zako. Uzazi mwingi, umri na uzito wa mwili huongeza. Dalili zake ni miguu mizito jioni, kuvimba kwenye kifundo kunakopungua asubuhi, kuwashwa, na misuli kukaza usiku.

Varisi yenyewe inaweza kukaa miaka mingi bila madhara makubwa, lakini tazama ngozi iliyo juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani. Ikianza kuwa nyeusi kuliko sehemu nyingine, ikakauka, ikawasha na kuwa ngumu kama ngozi ya ngoma, maana yake damu iliyotuama imeanza kuichosha, na hatua inayofuata ni kidonda. Jirani yangu mmoja aliyekuwa akiuza samaki alikaa na mishipa yake zaidi ya miaka kumi bila kulalamika. Kilichomleta kwangu kuomba ushauri ni kidonda chenye ukubwa wa sarafu mahali hapohapo, ambacho kwa miezi minne alikuwa akikinyunyizia unga wa kapsuli alizozipasua kwa meno. Unga ule ulitengeneza gamba la manjano, na chini ya gamba kidonda kilikuwa kinapanuka. Kidonda cha namna hii hakiponi kwa antibiotiki peke yake. Kinapona mguu ukifungwa bendeji ya kubana kwa ustadi, ukainuliwa, na damu ikapata njia ya kupanda.

Tumboni, hadithi hubadilika. Mishipa myembamba kwenye tumbo la mtu mwembamba au la mjamzito haina neno. Lakini mishipa minene inayotawanyika kuanzia kitovuni, pamoja na tumbo linalojaa maji, macho ya manjano, au uvimbe upande wa kushoto chini ya mbavu, huashiria kwamba damu inayotoka matumboni imezuiwa kupita kwenye ini na imetafuta vichochoro. Sababu kubwa ni ini lililoharibiwa na homa ya ini ya aina ya B au C, au na pombe. Katika nchi yetu usisahau kichocho cha matumbo, ambacho mayai yake huziba njia za damu ndani ya ini la mtu aliyeoga na kufua miaka mingi kwenye maji yenye konokono wake. Hatari kubwa hapa haiko kwenye mshipa unaouona. Iko kwenye ndugu zake waliofichika ndani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ambao wakipasuka mtu hutapika damu au huenda choo cheusi kama lami. Anayetapika damu hangoji asubuhi.

Muuguzi anaweza kukuonyesha jambo dogo. Ataweka vidole viwili pamoja juu ya mshipa ulio chini ya kitovu, aukandamize, avitenganishe ili sehemu ya katikati ibaki tupu, kisha ainue kimoja. Upande ambao damu inajaza haraka unaonyesha inakotoka. Damu ikikimbia kutoka kitovuni kushuka, ini linashukiwa. Ikipanda juu, inawezekana vena kubwa ya ndani ya tumbo imezibwa.

Shingoni na kifuani sina subira hata kidogo. Mishipa ya shingo hujaa ukilala, ukiimba kwa nguvu au ukijikamua. Hiyo ni kawaida. Ikibaki imejaa ukiwa umeketi wima na umetulia, moyo unaweza kuwa umeelemewa, na mara nyingi utaona pia miguu yote miwili imevimba na mtu analazimika kuongeza mito ili apate pumzi usiku. Moyo huo unaweza kuwa umeharibiwa na shinikizo la damu, na homa ya baridi yabisi ya utotoni, na kifua kikuu kilichoshika mfuko wa moyo, au umelegea mwishoni mwa ujauzito na katika miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Ikiwa mishipa mipya imetapakaa kifuani, uso unavimba hasa asubuhi au ukiinama, na kola ya shati iliyokuwa ikifungika haifungiki tena, kitu fulani ndani ya kifua kinaweza kuwa kinaibana vena kuu, na kitu hicho huweza kuwa saratani. Nenda siku hiyohiyo.

Mahali pengine nitapapita kwa haraka. Mishipa mipya kwenye titi moja tu, pamoja na donge, ngozi iliyobonyea kama ganda la chungwa au chuchu iliyoingia ndani, ichunguzwe wiki hiyo. Kwenye korodani ya kushoto, mishipa inayohisiwa kama minyoo ndani ya mfuko ni jambo linalowapata wanaume wengi na kwa kawaida halina hatari, ingawa huweza kupunguza uzazi. Ikitokea ghafla, ikiwa upande wa kulia peke yake, au isiponywea mtu akilala, figo na tumbo vipimwe. Mkono ulioota kamba ngumu yenye maumivu mahali palipochomwa sindano ya seramu (maji ya dripu) kwa kawaida hupona kwa kitambaa cha uvuguvugu, isipokuwa ukitoa usaha au ukileta homa. Mtoto mchanga mwenye mishipa iliyojaa kichwani, na kichwa kinakua haraka kuliko mwili huku macho yakielekea chini, anahitaji kupimwa kichwa mara moja, kwa sababu maji yanaweza kuwa yanajaa ndani ya fuvu.

Hatua ya nne: jua dalili zisizongoja

Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa na joto ndani ya saa au siku chache, hofu ni damu iliyoganda katika vena ya ndani. Chukua futi ya fundi cherehani. Tafuta kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti, shuka sentimita 10, upime mzunguko wa shavu la mguu, kisha upime mguu wa pili mahali palepale. Tofauti inayozidi sentimita 3 madaktari huihesabu kuwa yenye uzito. Lakini futi haiwezi kukuambia kwamba huna donge la damu. Tofauti ikiwa ndogo na maumivu yakawapo, nenda vilevile. Hatari huongezeka kwa aliyefanyiwa upasuaji karibuni, aliyefungwa plasta, aliyekaa saa nyingi garini, mjamzito na aliyejifungua ndani ya wiki sita, mgonjwa wa saratani, na anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Mguu huo usikandwe kwa maji ya moto, usichanjwe chale, usiumikwe, na asije mtu wa kuusugua, hata kama ni shangazi mwenye mkono unaosifiwa mtaa mzima. Donge likikatika hupanda hadi mapafuni. Pumzi hukatika ghafla, kifua huchoma ukivuta hewa, pengine mtu hukohoa damu au kuzimia. Hapo kinachotafutwa ni gari, hata kama ni usiku.

Varisi ikipasuka, damu huruka kwa namna ya kutisha, na watu wengi hukosea kwa kumketisha mgonjwa kwenye kiti na kumfunga kamba juu ya jeraha. Mlaze chini, inua mguu juu kuliko moyo, kandamiza kwa kitambaa safi mahali penyewe kwa dakika 10 bila kuchungulia. Kwa kawaida husimama. Kisha mpeleke.

Hatua ya tano: kwa wenye varisi isiyo na dalili mbaya

Tembea. Anayeuza sokoni na asimame kila nusu saa, anyanyue visigino mara ishirini, aketi, arudie. Jioni inua miguu juu ya usawa wa moyo kwa robo saa. Kuiweka juu ya kigoda huku umeketi hakutoshi. Paka ngozi kavu mafuta yasiyo na manukato, nawe usijikune. Soksi za kubana husaidia sana zikivaliwa asubuhi kabla ya kushuka kitandani, wakati mguu haujavimba, na zikitolewa usiku. Usizinunue kwa kukisia. Mwenye kisukari, au ambaye nyayo zake ni baridi na mashavu ya miguu humuuma akitembea kidogo mpaka asimame, apimwe kwanza kama damu inashuka vizuri, kwa kuwa soksi hizo zinaweza kuua vidole vyake. Varisi huweza pia kutibiwa kwa sindano inayoziba mshipa, kwa joto linaloufunga kutoka ndani, au kwa upasuaji wa kuuondoa.

Hatua ya sita: ukifika kwenye kituo

Anzia kituo cha afya cha mtaa wako ikiwa hakuna dalili ya haraka, kwani barua ya kukutuma hospitali kuu huokoa muda na pesa. Beba picha zenye tarehe, majina ya dawa zote unazotumia pamoja na vidonge vya uzazi na mafuta ya ngozi, na uvae nguo inayofunguka. Kwa mguu, omba utazamwe ukiwa umesimama. Varisi hujificha kwa mtu aliyelala, na nimeona wagonjwa wakirudishwa nyumbani kwa kosa hilo tu. Kipimo kinachotoa jibu ni ekografia ya dopla, picha ya mawimbi ya sauti inayoonyesha mwendo wa damu na donge kama lipo. Kwa mishipa ya tumboni, uliza kuhusu ekografia ya tumbo, vipimo vya homa ya ini na choo cha kutafuta kichocho. Na ukikutwa na homa ya ini ya aina ya B, uliza pia watu wa nyumbani kwako wapimwe lini na wachanjwe wapi. Ukiambiwa "si kitu", muulize daktari kwa heshima ni dalili gani ikitokea itabidi urudi, uiandike nyuma ya fishi yako, kisha uweke alama kwenye kalenda ya ukutani kwenye siku ya wiki ya tatu, upige picha nyingine dirishani palepale.